Gugu la Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina amani, ina utulivu, na ina gugu. Jina la nchi sitaliandika, si kwa kuficha bali kwa adabu: sheria inataka anayelitaja awe amesimama wima na mikono ameishusha, nami naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, mkono mmoja nimeshika kalamu, mwingine najikuna.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na lango la Bustani Kuu ya Wananchi, na ndiyo maana nayajua haya ninayoyasimulia. Mtu akinyolewa husema, na akiwa mkubwa serikalini husema zaidi, maana hawezi kugeuza shingo kuangalia nani anamsikiliza. Nawaomba msome kwa moyo safi. Humu hamna hata mstari mmoja wa kuisema vibaya serikali. Serikali yetu ni nzuri mno, na kinachonisikitisha ni kwamba sisi raia wake hatujafikia kiwango chake.

Bustani hii ilitengenezwa zamani ili watu wapate mahali pa kupumzisha mapafu. Langoni pamechongwa kwa herufi kubwa: HAPA MWANANCHI HUPUMUA. Palikuwa na nyasi, mabenchi, bembea, na katikati sanamu ya Mwasisi wa Taifa akiwa amenyoosha kidole kuelekea mahali ambapo bado hatujafika. Ilipokaribia sherehe fulani kubwa, ikaonekana kwamba nyasi zetu ni za kawaida mno, nyasi za kuota hata kwa maskini. Ikaagizwa mbegu ya nyasi kutoka ng'ambo. Mbegu ikaja kwenye magunia yenye nembo, ikapokelewa kwa tarumbeta, ikamwagwa. Nyasi hazikuota. Kilichoota ni gugu karoti.

Kama hujaliona, ni gugu lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, mengi, mazuri kwa mbali. Ukilishika linawasha. Mbuzi akilila, maziwa yanakuwa machungu. Upepo ukipita juu yake, vumbi la maua linaingia kifuani mwa mtu na kukaa humo bila kodi. Wataalamu walikuja, wakalitazama wakiwa ndani ya gari, wakatoa tamko kwamba nyasi zinaendelea vizuri. Baada ya misimu kadhaa mabenchi yalikuwa hayaonekani, bembea zimemezwa, na Mwasisi mwenyewe amezama hadi kiunoni. Ukimtazama kutoka kwangu utadhani anaoga mtoni na ananyoosha kidole kuomba sabuni.

* * *

Nyumba ya Bi Mashavu imeegemea ukuta wa bustani, na dirisha la chumba cha mjukuu wake linafungukia humo humo, juu ya gugu. Bi Mashavu anapika vitumbua. Mjukuu anaitwa Siwema, na ndiye mtu pekee aliyebaki naye katika dunia hii. Mama yake Siwema tulimzika mtoto akiwa hajaota meno.

Siwema ana pumu. Wenzake wakicheza rede pale mbele ya kibanda changu, yeye hukaa kwenye benchi langu, kwa sababu wenzake, watoto wenye akili kutupita, walimpa cheo cha mwamuzi ili asijione yuko nje ya mchezo. Alinunuliwa kipenga, akakivaa shingoni. Ila hakuwa na pumzi ya kukipuliza, kwa hiyo alikuwa anahukumu kwa kugonga mfuniko wa sufuria na kijiko. Kipenga kilibaki cha heshima tu, kama vitara vya wakubwa kwenye gwaride.

Gugu lilipoanza kutoa maua, mtoto alibanwa kifua hadi midomo ikageuka rangi. Daktari wa zahanati akamwambia Bi Mashavu waziwazi. "Bibi, dawa nitakupa, lakini dawa haishindani na dirisha lako. Ama gugu liondoke, ama mtoto aondoke."

Bi Mashavu hakuwa na mahali pa kumpeleka mtoto ila kwa shangazi mtu, mbali sana, kwenye mashamba ya chumvi. Akaona heri liondoke gugu. Asubuhi moja, baada ya kuuza vitumbua vyake, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akajifunga kitambaa puani, akaingia bustanini akaanza kung'oa chini ya dirisha.

Sisi tukamtazama. Halafu tukaona haya. Nikatoka mimi, akatoka Yeremia wa bodaboda, wakatoka kina mama wa sokoni, na vijana wa kijiweni ambao kwa kawaida hawatoki. Hakuna aliyetuita. Hakuna aliyetugawia fulana. Tuling'oa kabla ya kazi na baada ya kazi, tukapanga lundo karibu na lango ili tulichome, na Bi Mashavu akawa anatuletea chai. Tulifika hadi kwa Mwasisi, tukamfunua magoti, tukamfunua na viatu. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kujua kwamba ana viatu.

Kisha siku moja nilikuwa namnyoa mteja, nikasikia kipenga. Kipenga kamili, cha mluzi mrefu. Niligeuka haraka mpaka nikamkwaruza mteja sikio. Siwema alikuwa amesimama juu ya benchi, mashavu yamemvimba, macho yamemtoka kwa kujishangaa. Bi Mashavu alitoka ndani na mikono yenye unga, akakaa chini kwenye kizingiti chake akalia, na mimi nililia pia, na mteja akalia kwa sababu ya sikio.

* * *

Bwana Mbwilo alikuja baada ya hapo. Ni Afisa Itifaki Mwandamizi, Kitengo cha Uoto, mtu mnene, mpole, mwenye leso. Alishuka kwenye gari, akatazama ardhi iliyosafishwa, akajipangusa uso.

"Shikamoo, Bibi. Hongereni sana kwa kazi."

"Marahaba, baba. Ahsante."

"Kazi hii imezinduliwa lini?"

"Tulianza tu," akasema Bi Mashavu.

Bwana Mbwilo akamgeukia dereva wake. "Umesikia? Walianza tu." Dereva akatikisa kichwa kwa huzuni.

Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa, kwa hiyo nieleze. Kwetu kitu hakianzi mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mpaka awepo mgeni rasmi, naye awe wa kwanza kukigusa. Daraja la mto wetu lilipokamilika, watu waliendelea kuogelea chini yake wakisubiri utepe ukatwe, na waliozama ilitangazwa kwamba walizama kwa kufuata utaratibu. Wodi mpya ya wazazi ilipojengwa, kina mama waliombwa wajizuie. Mtaa wa pili kuna kisima kilichochimbwa, maji yakatoka, yakafunikwa kwa kitambaa cha rangi za taifa. Mpaka leo wenyeji wanapita hapo na ndoo tupu wakikisalimu. Ni utaratibu mzuri. Unatufanya tusikurupuke.

"Sasa Mheshimiwa akija kuzindua," Bwana Mbwilo akasema, "atang'oa nini?"

"Upande ule wote bado umejaa, mkuu," akasema Yeremia.

"Upande ule hauna kivuli. Jukwaa lazima likae hapa, kwenye kivuli cha ukuta wa Bibi. Unataka Mheshimiwa aungue jua kwa sababu mlikuwa na haraka?"

Kwa kweli hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria jua la Mheshimiwa. Bwana Mbwilo akatufafanulia kwamba kisheria tumetenda kosa la kujitolea bila kuzinduliwa, ambalo adhabu yake ni sawa na ya kujiteua. Lakini yeye si mtu mkali. Alitukusanya kwa upole kama mwalimu wa madrasa anayewapenda watoto wake.

"Serikali haina kinyongo na mwananchi mwenye moyo. Mlijitolea kung'oa. Sasa mtajitolea kurudisha."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Yale ya kwenye lundo yaliyokuwa bado na uhai tukayapanda upya, na kwa sababu mengi yalikuwa yamekauka, likaja lori limejaa miche ya gugu kutoka mkoa wa jirani, miche mizuri, imefungwa mizizi kwa gunia bichi. Askari wa bustani alisimama kuhakikisha hatujitolei kinyume. Nilimwona Bi Mashavu amepiga magoti chini ya dirisha lake mwenyewe, anafukia mizizi kwa vidole vile vile vilivyoing'oa. Nilishikwa na uchungu ambao sina jina lake. Bwana Mbwilo akampitia kwa nyuma akainama.

"Panda kwa mstari, Bibi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tutapigwa picha."

* * *

Tukaanza kusubiri tarehe. Nisiseme kwamba serikali ilikaa bure wakati huo. Iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kupambana na Gugu. Kamati ikafanya semina elekezi hotelini, mbali na gugu ili wajumbe wasiwe na upendeleo. Zilishonwa fulana zenye maandishi GUGU SASA BASI. Baadhi ya wajumbe walikwenda ziara ya mafunzo katika nchi isiyo na gugu, wakajionea wenyewe lisivyokuwepo, wakarudi na zawadi. Sisi wa mtaani tulipewa mafunzo ya nadharia: tulikaa kwenye viti, tukaonyeshwa namna ya kuinama.

Tarehe ikapangwa, ikasogezwa. Mheshimiwa alikuwa akizindua chama cha wazinduzi. Ikapangwa tena, ikasogezwa. Mheshimiwa alikuwa anapokea tuzo ya mapambano dhidi ya gugu. Na kwa kuwa tulikatazwa kulikanyaga, kulikata na kulitazama vibaya, na ikija siku kavu tunaagizwa kulimwagilia, gugu lilistawi ajabu. Mwasisi akazama tena. Safari hii lilimfika kifuani.

Siwema aliacha kukaa kwenye benchi akawa analala juu yake. Mabega yakawa yanapanda na kushuka hata akiwa ametulia. Bi Mashavu aliziba dirisha kwa kanga zake zote, moja juu ya nyingine, chumba kikawa giza, na vumbi la maua likapita tu. Alikuwa akinitazama kila asubuhi kama ninayejua jambo asilolijua. Sikulijua.

Asubuhi moja alimkuta Bwana Mbwilo kwenye kiti changu, povu limemfunika mashavu.

"Shikamoo, Bibi," akasema bila kugeuka.

"Marahaba. Baba, nimekuja kukuomba. Mtoto hapumui. Niachieni pale dirishani tu, hatua mbili tatu. Mengine yote bakini nayo, sina neno."

Bwana Mbwilo alivuta pumzi ya kweli, povu likacheza. "Bibi, usinione hivi, na mimi ni mzazi. Suala lako nimelipokea na linafanyiwa kazi. Lakini hayo ya dirishani ndiyo yaliyostawi kuliko yote. Ndiyo yaliyochaguliwa."

"Yamechaguliwa na nani?"

"Na kamati."

"Basi mwambie Mheshimiwa aje kesho ayang'oe."

"Ningependa! Lakini Mheshimiwa ana mialiko mingi, na yeye huenda kule penye mguso. Juzi alialikwa na vipofu, juzi hiyo hiyo na mapacha. Sisi tumemwalika kwa gugu. Gugu halina mguso, Bibi." Hapo akamwona Siwema katika kioo changu, amejikunja kwenye benchi, kipenga kimelala kifuani kinapanda na kushuka. Akamtazama muda. "Ndiye huyu mjukuu?"

"Ndiye."

"Ana sura ya picha." Akatafakari. "Akimkabidhi Mheshimiwa shada la maua kama mnufaika, tarehe nakuletea wiki hii hii."

Bi Mashavu alishika fremu ya mlango. "Na siku hiyo hiyo mtang'oa?"

"Bibi, kikishazinduliwa kimezinduliwa. Mtang'oa mpaka mchoke."

Bi Mashavu akanitazama mimi. Nilitamani niwe na neno, hata neno bovu. Mimi ni kinyozi. Nikaendelea na shavu la kushoto. Akamtazama mtoto, akasema sawa.

* * *

Siku yenyewe ilipendeza sana. Mahema yalikuwa meupe, viti vimevalishwa nguo, na kapeti jekundu lilipita katikati ya gugu kutoka langoni hadi jukwaani. Jukwaa lilikuwa chini ya dirisha la Bi Mashavu, kivulini. Sisi wajitolea tulipangwa nyuma ya kamba, tumevaa fulana, mikono tumeiweka tayari. Tuliambiwa tuonyeshe hamu.

Kulikuwa na tatizo dogo la shada. Lilikuwa limeandaliwa la waridi, lakini ofisi ya Mheshimiwa ilipiga simu asubuhi kusema kwamba anapenda maua yatoke katika mradi wenyewe, kuonyesha uhalisia. Katika mradi wenyewe kulikuwa na ua la aina moja. Wasaidizi wa Bwana Mbwilo walikata fungu zima pale dirishani, wakalifunga kwa utepe. Kwa mbali, nasema tena, lilikuwa shada zuri.

Bi Mashavu alipoliona akamshika Bwana Mbwilo mkono wa koti. "Baba, hayo ndiyo yenyewe. Hayo ndiyo yanayomuua."

"Ni hatua chache tu, Bibi. Hatua chache, halafu limekwisha. Mtoto, lishike mbali na pua."

Siwema alikuwa amevaa gauni jeupe la kuazima na kipenga chake juu yake. Alimwuliza bibi yake jambo moja tu, nilikuwa karibu nikalisikia. "Nikimpa, watang'oa?"

"Watang'oa, mama."

Basi mtoto akafanya jambo la akili. Alijaza mashavu, akafunga mdomo, akaizuia pumzi yake, akatembea juu ya lile kapeti haraka lakini kwa adabu, hadi mbele ya Mheshimiwa. Akapiga goti, akainua shada, Mheshimiwa akanyoosha mikono. Ningeliweza, ningelipiga makofi peke yangu. Ila mpiga picha akapunga mkono: alikuwa hajawasha kamera. Akaomba radhi. Mtoto akarudishwa alikotoka ili aanze tena.

Mara ya pili hakuwa na pumzi ya kuzuia. Alifika akiwa mdomo wazi, maua yakiwa usoni, kifua kikipiga sauti ambayo sisi wa mtaani tunaijua. Mheshimiwa alipokea shada, akampa msaidizi, akamweka Siwema mkono begani na kumsimamisha kando yake mbele ya kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Itifaki imezingatiwa. Mtazameni mtoto huyu anavyohema! Hamjawahi kuona mtu akihema hivi kwa ajili ya serikali yake. Hii ndiyo hewa ya maendeleo, ndugu zangu, ameivuta, imemzidi!"

Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kilikuwa cha kisasa; kila pumzi ya mtoto ilisikika bustani nzima kupitia spika kubwa, na mshereheshaji akapendezwa nayo mpaka akaongeza sauti.

Bi Mashavu akaruka kamba. Walinzi wakamrudisha bila kumwumiza, wakimweleza kwamba Mheshimiwa akiwa amesimama hakuna anayetembea. Yeye akawa anaita jina la mtoto. Mheshimiwa akampungia mkono. Akaendelea na hotuba: alianza na historia ya mimea, akaja kwenye wapinzani, akaeleza tofauti ya gugu na mtu mwenye tabia ya gugu. Mkono wake haukutoka begani. Hapo nikamwona Siwema akikitafuta kipenga kwa vidole, akakitia mdomoni. Alikuwa mwamuzi, alitaka mchezo usimame. Kikatoa sauti ya kifaranga. Bendi ikadhani ni ishara yake, ikaitikia kwa ngoma na tarumbeta, na katikati ya muziki huo mtoto akaanguka.

Kulikuwa na gari la wagonjwa. Lisisemwe kwamba halikuwepo. Lilikuwa kwenye msafara wa Mheshimiwa, jipya, lina oksijeni, na dereva wake alitueleza kwa heshima zote kwamba limepangwa katikati ya msafara na likitoka litaacha pengo. Barabara zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya usalama wa wananchi. Basi Yeremia akampakia Siwema na Bi Mashavu kwenye bodaboda, akapita katikati ya gugu hadi kwenye tobo la ukuta, gugu likimpiga mtoto usoni njia nzima.

Mimi nilibaki, maana kamba ilikuwa imekazwa. Kwa hiyo niliona uzinduzi. Gugu lenyewe lilikuwa limelainishwa udongo tangu jana yake na kuoshwa majani, na shina lake limefungwa utepe. Mheshimiwa akavaa glavu nyeupe, akainama kidogo, akavuta. Likakatika. Shina likabaki mkononi mwake, mzizi ukabaki ardhini. Mizinga ikapigwa.

Sisi wajitolea tukainama wote kwa pamoja. Nakumbuka nilikuwa tayari nimelikamata moja, gumu, la dirishani.

"Subirini!" Mheshimiwa akasema kwenye kipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Nimeguswa. Nimeguswa mno na siku hii. Mkimaliza leo, ndugu zangu, mwakani nitazindua nini?"

Ni swali zito. Akatangaza pale pale kwamba siku hiyo itaadhimishwa kila mwaka, kwamba Bustani Kuu ya Wananchi tangu sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Kung'oa Gugu, na kwamba atakayegusa jani hata moja kabla ya maadhimisho atahesabiwa kuwa adui wa mapambano dhidi ya gugu. Bwana Mbwilo alipiga makofi mpaka leso ikamdondoka.

* * *

Siwema alipona siku ile, kwa maana kwamba hakufa. Daktari alikuwa yule yule na maneno yake yalikuwa yale yale, ila safari hii alisema nusu yake tu: mtoto aondoke. Shangazi mtu akaja kumchukua. Huko kwenye mashamba ya chumvi, nasikia, hakuoti kitu, ardhi ni nyeupe hadi unapoishia upeo wa macho, na mtoto anapumua vizuri na hana wa kucheza naye.

Bi Mashavu amebaki. Taifa halikumsahau, amepewa nishani na cheo cha Mlezi wa Gugu, cha kujitolea, kazi yake ni kulimwagilia wakati wa kiangazi ili lisije likaaibisha maadhimisho. Alitaka kukataa. Bwana Mbwilo akamweleza kwa upole kwamba mlezi ndiye husimama karibu na Mheshimiwa siku ile, na anaweza kumnong'oneza neno. Kwa hiyo anabeba ndoo. Pale gugu la Mheshimiwa lilipokatikia pamejengwa uzio wa chuma na jiwe la marumaru linalosema hapa liling'olewa gugu la kwanza. Limechipua matawi manne.

Jioni Bi Mashavu huja kwangu kuchaji simu, na mtoto hupiga hapo hapo. Jana nilikuwa nafagia nywele, akaiweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu masikio yake siku hizi ni mazito.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, wameng'oa?"

Bi Mashavu alitazama lango. "Wameng'oa."

"Mangapi?"

"Moja," akasema. Nami sikumsahihisha.

Nilisikia upepo wa huko kwao, upepo mtupu usio na kitu. "Yamebaki mangapi, Bibi? Yakiisha si narudi?"

Bi Mashavu akaichomoa simu kwenye waya, akavuka barabara, akasimama mbele ya bustani na mkono mmoja kwenye chuma cha lango. Nikamfuata na ufagio wangu. Akaanza kuhesabu kwa sauti, polepole, akielekeza kidole moja moja, kuanzia yale ya karibu. Moja. Mawili. Matatu. Simuni mtoto akawa anahesabu pamoja naye. Hakuwa anayagusa. Nilijiuliza ni sheria gani anaivunja nikakosa.

Walikuwa wamefika mbali wakati askari wa bustani alipokuja, kijana wa hapa hapa, niliyemnyoa nywele za utoto. Alivua kofia kumsalimu, akasubiri apate nafasi.

"Bibi, samahani sana," akasema. "Kuhesabu huku kumezinduliwa na nani?"

Bi Mashavu akashusha kidole. Askari akatazama chini. Mimi nikashika ufagio wangu. Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwa Bi Mashavu, na sauti ya Siwema ikawa inatoka humo, na pumzi yake yote kamili.

"Bibi? Mbona umeacha? Tumefika ngapi, Bibi?"